Mzani nimeutoa ndani

Miaka sita mi nimekula kwa woga wa kunenepa jamani, asubuhi maji ya moto na limao, kwenye harusi nakaa mbali na sinia la pilau, usiku nawaza chapati tu alafu najilaumu eti sina msimamo. Kumbe njaa ndo ilivyo! Kati ya 1944 na 1945 kule Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya zao, wakawa wanawaza msosi kutwa, wengine wakakusanya mpaka vitabu vya mapishi. Niliposoma hivyo nililia. Juzi kwa shangazi nimekula wali wa nazi na samaki, nikaongeza, taarabu ikapigwa, nikacheza na dera langu mpaka miguu ikauma.