Saluni ya Likoni, Agosti 2022

Zilibaki siku chache tupige kura, nami nimekaa nasukwa. Dada aliyenisuka alikuwa upande wa Martha Karua, mgombea mwenza wa Raila: "Mwanamke akiwa naibu rais, mlango umefunguka."

Shangazi mmoja, ndoo ya samaki miguuni, akakataa. Yeye alimtaka Ruto, aliyeahidi kuwapa wanawake nusu ya baraza la mawaziri. "Mimi nahesabu viti, mwanangu. Sura ya mwanamke pekee hainishibishi."

Mkono wa dada ukasita kichwani mwangu. Sauti zilipanda, mpaka nikaona uchungu kweli, maana wote wawili walikuwa wakiwatetea mabinti zao.

Mimi kipimo changu ni Ibara ya 27(8) ya Katiba ya Kenya: kwenye vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Imo kwenye katiba tangu 2010, na miswada ya kuitekeleza imeanguka bungeni mara kadhaa, hata kwa kukosa akidi tu! Wabunge hawakuja. Niliwaambia, mgombea anayejiita mfeministi nitamuuliza kwanza: siku ile ulikuwa wapi?

Shangazi akasogeza ndoo yake, akakaa karibu. "Hebu nisomee hiyo ibara," akasema. Nikatoa simu.