Kuiandaa Nyumba kwa Baridi ya Kabale

Hapa Kabale, mji wa kusini magharibi mwa Uganda ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali, kwa hiyo nyumba yetu huanza kuandaliwa mara tu mvua za Machi hadi Mei zinapopungua. Kwanza tunaziba nyufa: kipande cha blanketi kuukuu, kikikunjwa na kupigiliwa misumari chini ya mlango, huzuia upepo kuliko pazia zito. Mabati nayo hupoteza joto upesi, ndiyo maana naithamini dari, hata ya mbao nyembamba, kuliko zulia.

Kinachonitia hofu ni sigiri. Wapo wanaoiingiza chumbani jioni, wakafunga madirisha na kulala, ilhali mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumuua mtu usingizini. Hata makaa mekundu yasiyofuka moshi huitoa. Nawasihi wazazi wenzangu: oteni moto mlango ukiwa wazi, itoeni sigiri nje kabla ya kulala, na watoto waongezewe blanketi na soksi.