Skafu na tarumbeta yangu

Jana nilifungua sanduku la zamani nikaikuta skafu yangu ya skauti. Ndani yake bado kuna kile kipande cha mdomoni cha tarumbeta, kimepauka, kina kovu dogo ukingoni. Nimekaa nacho mkononi muda mrefu, machozi yananilenga.

Serikali ilipopinduliwa, vikundi vya vijana vilipigwa marufuku. Sare zilichomwa, bendi yetu ikatawanyika. Tarumbeta yenyewe ilichukuliwa. Kipande hiki nilikificha kwenye soksi. Kwa miaka mingi nilikuwa nakipuliza peke yangu usiku, chini ya blanketi, ili midomo isisahau kazi yake. (Mpiga tarumbeta akikaa wiki mbili tu bila mazoezi, sauti inaanza kukwaruza.)

Baadaye nilisoma habari za maskauti wa Poland, walioendelea kwa siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakijiita Szare Szeregi. Nikajua sikuwa peke yangu.

Tena skauti na muziki ni ndugu tangu mwanzo. Mwaka 1907, kisiwani Brownsea, Uingereza, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwaita wavulana wa kambi ya kwanza kwa baragumu la pembe ya tandala.

Marufuku ilipoondolewa tulikutana saba, wote tuna mvi. Tulipeana mkono wa kushoto, salamu ya maskauti, tukawasha moto wa kambi. Mmoja akaanzisha wimbo wetu wa zamani, na hakuna aliyekuwa amesahau ubeti hata mmoja.

Jumamosi hii naanza kuwafundisha watoto kumi na wawili kupiga tarumbeta. Kipande changu naenda nacho.