Jinsi nilivyopanga orodha ya wabunge wa Georgia, 1868 hadi 1870

Ukiniuliza nani walikuwa wabunge wa jimbo la Georgia waliochaguliwa mwaka 1868, nami nitakuuliza: siku gani? Bila kujibu hilo, orodha haikamiliki.

Mwisho wa wiki huwa nakaa na vijana wa Kikongo hapa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, tukisoma historia ya jimbo walilohamia. Tulipofika kwenye harakati za haki za kupiga kura za miaka ya 1960, mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani kabla ya hapo hakuna mweusi aliyewahi kuingia Bunge la hapa?" Wapo, nikamwambia, nitawaletea majina.

Bunge lililochaguliwa mwaka 1868 lilianza kukaa Atlanta tarehe 4 Julai, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, kwisha. Seneti ilikuwa na viti 44, Baraza la Wawakilishi 175. Wabunge weusi walikuwa thelathini na kitu. Sanamu ya ukumbusho iliyo kwenye viwanja vya jengo la Bunge inawaenzi 33, vitabu vingine vinahesabu 32. Badala ya kuchagua upande, nikaenda kwenye kumbukumbu za vikao, ambazo zimeskaniwa na yeyote anaweza kuzisoma. Zinachosha kweli, maana huandika hoja na kura tu, hotuba hakuna. Lakini kura za kuita majina zimo, na jina lililoitwa ndilo la aliyekuwa mbunge siku hiyo.

Kilichonisaidia ni kupanga jedwali kwa viti badala ya watu. Mstari mmoja kiti kimoja, kimetajwa kwa kaunti, au kwa namba ya wilaya kama ni cha Seneti. Kisha safu tatu: 1868, 1869, 1870. Majina ya watu yameandikwa kwa tahajia tofauti kutoka ukurasa hadi ukurasa, ila kaunti haibadiliki. Kiti cha Bibb: Henry McNeal Turner, mchungaji. Kiti cha Greene: Abram Colby. Wilaya ya 2 ya Seneti: Tunis Campbell.

Mapema Septemba 1868 ndipo safu ya kwanza ilipovurugika. Wabunge weupe walidai kwamba katiba mpya ya jimbo ilimpa mweusi haki ya kupiga kura tu, haikutamka haki ya kushika wadhifa. Turner aliwajibu tarehe 3 Septemba kwa hotuba ndefu, akisema hakuja kuomba bali kudai haki yake. Barazani wakawafukuza wabunge weusi. Tarehe 12 ikawa zamu ya Seneti. Wanne wenye ngozi nyeupe mno, Edwin Belcher na Madison Davis wakiwamo, walibakizwa. Hapo nilisimamisha kazi nikacheka peke yangu: Bunge zima linakaa kupima rangi za watu!

Viti havikuachwa wazi. Walikaribishwa walioshindwa uchaguzi, waliofuata kwa kura. Hao nimewaandika kwenye safu ya 1869 kwa rangi nyingine, kwa sababu walikaa kweli na walipiga kura kweli. Ndilo Bunge lililokataa Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, yanayokataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, mwezi Machi. Kuwafuta kungependeza, lakini kungeficha nani alifanya nini.

Niliongeza safu ya maelezo kwa ajili ya Colby. Mwaka 1869 hakuwa na kiti, lakini mwezi Oktoba watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe lililowatisha na kuwapiga weusi, walimtoa nyumbani usiku wakamcharaza kwa saa kadhaa. Alipona, baadaye akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Kongresi, yaani Bunge la Marekani nzima.

Safu ya 1870 ilikuwa rahisi. Desemba 1869 Kongresi ilirudisha Georgia chini ya usimamizi wa jeshi. Jenerali Alfred Terry akawaondoa bungeni baadhi ya waliokuwa upande wa Kusini vitani, na wabunge weusi wakarudi. Tarehe 2 Februari 1870 Bunge hilo hilo likayapitisha Marekebisho ya 15.

Vijana walipoliona jedwali hawakushughulika sana na idadi. Walifuata kidole kwenye mstari mmoja mmoja, jina, jina jingine, halafu la kwanza tena. Wakataka kujua kama Baraza lile liliwahi kumkatalia mtu kiti tena. Ndiyo: Januari 1966, Julian Bond, mweusi mwanaharakati wa haki za kiraia aliyekuwa amechaguliwa, kwa kuunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba Baraza lilikosea, akaingia Januari 1967. Naye nimemfungulia mstari, chini kabisa.