Ligesi haihesabu nanogramu

Tuchukue kipande cha DNA cha 16S (jeni la kutambulia bakteria) chenye jozi-besi 1,500, kilichonakiliwa kwa PCR na kinachoandaliwa kusomwa kwa Nanopore, mashine ya kusoma mfuatano wa DNA. Ligesi ya T4, enzaimu ya kuunga DNA, huunganisha ncha za vipande na adapta (DNA fupi inayoiwezesha mashine kusoma); uzito haiujui. Kwa wastani wa gramu 660 kwa moli ya kila jozi-besi, femtomoli 200 (kipimo cha idadi ya molekuli) za kipande hiki ni karibu nanogramu 198. Sasa tazama praima (DNA fupi za kuanzishia PCR) zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, urefu jozi 50: nanogramu 10 tu ni femtomoli 300! Kwenye jeli utaona ukungu hafifu chini, lakini kwa ligesi hao ndio wengi, na adapta itaishia kwao.

Kwa hiyo safisha kwanza kwa shanga za sumaku, zinazoshika DNA ndefu na kuacha fupi. PCR ya mikrolita 50, shanga za sumaku mikrolita 40 (uwiano 0.8), zilizotolewa kwenye friji mapema na kutikiswa hadi zichanganyike. Osha mara mbili kwa mikrolita 200 za ethanoli ya 80% iliyotengenezwa siku hiyo hiyo. Ethanoli ikiwa nyepesi inaondoka na DNA. Usikaushe kwa kuangalia saa. Mng'ao ukipotea, tia maji ya kuitoa DNA kwenye shanga. Shanga zikishapasuka kama tope la kiangazi, DNA haitoki vizuri.

Pima kwa Qubit, kifaa kinachotumia rangi inayong'aa ikishika DNA ya nyuzi mbili. NanoDrop, inayopima ufyonzaji wa mwanga, husoma hata praima na nyukleotidi zilizobaki, kisha unashangaa kiasi kizuri namna hiyo kimezaa maktaba (DNA iliyoandaliwa kusomwa) duni.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: "Nimetumia Taq, A ipo tayari, naruka hatua ya kutengeneza ncha." A (besi moja ya ziada ambayo Taq, enzaimu ya PCR, huiacha kwenye ncha ya 3', na adapta hushikia hapo) ipo kweli, ila praima za kawaida huja bila fosfati kwenye 5', na bila fosfati hiyo ligesi haiungi mnyororo huo. Q5, enzaimu nyingine ya PCR, nayo huacha ncha butu, hivyo kipande kinakosa A na fosfati pia. Hatua ya kutengeneza ncha huweka vyote viwili. Kwa kiti ya NEBNext Ultra II: DNA mikrolita 50, bafa 7, enzaimu 3, 20°C dakika 30, kisha 65°C dakika 30, kifuniko kikiwa 75°C au zaidi. Joto la 65°C huzima enzaimu za kutengeneza ncha huku A ikiongezwa. Q5 iliyobaki kwa sababu hukusafisha itaitafuna A hiyo hiyo.

Unaweza kuagiza praima zenye fosfati tayari. Ni ghali zaidi, na zile zilizoshikana zenyewe nazo zitakuwa na fosfati.