Kumbukumbu ya mtambo wa oili: mshale wa geji umetulia
Jana jioni mshale wa geji ya presha ya oili ulipanda hadi pauni 70 kwa inchi ya mraba, ukakaa hapo dakika 40 bila kutikisika. Kwa wiki tano kabla ya hapo ulikuwa ukirukaruka kati ya 40 na 75 kila nilipowasha mota, na kuna usiku nililala nikiusikia mlio wa pampu masikioni.

Mtambo ni ule ule ninaoutumia nyumbani kujaribu pampu ya oili: kifuniko cha nyuma cha Lycoming O-320, injini ya pistoni ya ndege ndogo, kilichoondolewa kazini kwa sababu ya ufa na ambacho nilikipata kwa fundi mmoja karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Pampu yake ya gia mbili inazungushwa na mota ya umeme, sufuria ya alumini imechukua nafasi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na oili hupanda kwa hozi ya plastiki inayopitisha mwanga. Niliacha kutumia oili ya magari tangu mwezi wa kwanza. Ninatumia W100, oili ya injini za pistoni za ndege, ambayo mnato wake unalingana na daraja la oili nzito la SAE 50, kwa sababu pampu iliyoundwa kwa oili nzito haiwezi kupimwa kwa haki ikisukuma oili nyepesi.

Tatizo lilikuwa povu. Oili ilitoka kwenye sufuria ikiwa na rangi ya asali na kurudi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwanza nilishuku vali ya kupunguza presha. Nilisugua kiti cha gololi yake, nikabadilisha springi mara mbili, nikaongeza washa (pete bapa za chuma) nyuma ya springi, na matokeo yakawa kwamba mshale ulirukaruka kwenye namba za juu zaidi. Kisha nikashuku mwanya ulio kati ya gia na kifuniko cha pampu. Shaka hiyo ilikuwa na msingi, kwa maana mwanya huo ukiongezeka maradufu, oili inayopenya kurudi nyuma huongezeka mara nane. Nilitandika msasa wa maji juu ya kioo cha dirisha na kusugua kifuniko kwa Jumamosi mbili, huku nikipima kila baada ya mizunguko ishirini ya mkono. Presha ilipanda kidogo, lakini mtikisiko ulibaki pale pale.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu geji. Katikati ya mahangaiko hayo nilinunua geji yenye gliserini ndani, ambayo wengi husifu kwa sababu mshale wake hautetemeki. Ni kweli hautetemeki, na kwa siku nne niliamini kwamba nimefaulu, ilhali oili ilikuwa bado nyeupe. Kwenye ndege ninaielewa faida yake, lakini kwenye meza ya majaribio ninataka geji kavu inayonionyesha kila mshtuko. Nimeirudisha ile ya zamani.

Aliyenifungua macho ni fundi wa injini za dizeli mwenye kibanda jirani na mkereza wangu kule Kariobangi. Alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza swali moja: "Kijana wangu, asubuhi kukiwa na baridi inatikisika zaidi, au inapungua?" Inatikisika zaidi. Katika baridi hii ya Julai asubuhi huwa mbaya kuliko wakati wowote, na oili ikishapata joto mshale hutulia kidogo. "Basi gia zako hazijalika," akasema. "Tafuta hewa."

Nilipaswa kuliona jambo hilo mwenyewe. Gia zilizolika huonyesha udhaifu wake oili inapopata joto, kwa kuwa oili nyepesi hupenya mianya kwa urahisi. Oili baridi na nzito, kwa upande mwingine, hupanda kwa shida kwenye bomba la kuvutia, presha ndani ya bomba hilo hushuka, na palipo na tundu dogo hewa ya nje huingia kwa nguvu zaidi. Tundu la upande huo halidondoshi hata tone moja wakati pampu inafanya kazi, na ndiyo maana karatasi niliyoitandika chini ya mtambo ilikuwa safi kwa wiki tano.

Nilirudi nyumbani na kopo la grisi. Pampu ikiwa inazunguka, nilipaka grisi kwenye kiungo cha kwanza na hakuna kilichobadilika. Nilipaka kwenye kiungo cha pili, pale hozi inapovaa nipeli (kijibomba cha kuungia) ya shaba, na kabla sijaondoa kidole mshale ulikuwa umetulia. Nilipoivua hozi niliona mkwaruzo mwembamba kama unywele, umelala kwa urefu wa nipeli kutoka ncha hadi mwisho, na klampu isingeweza kuuziba hata ningeikaza namna gani. Mkwaruzo wa kuzunguka haungeleta madhara. Huu wa kwenda moja kwa moja ulikuwa barabara ya hewa.

Mahali tulipo pia pana mchango wake. Tunasema pampu inavuta, lakini kinachoisukuma oili ndani ya pampu ni hewa inayokandamiza uso wa oili kwenye sufuria. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa hukandamiza kwa takriban kilopaskali 83, ilhali ufukweni Mombasa ni karibu 101. Ndege inayopaa kutoka Wilson huendelea kupoteza msukumo huo wa hewa kadiri inavyopanda. Na kwenye injini povu ni hatari: beringi za krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hutegemea utando wa oili, na povu halibebi mzigo: hujikunja, utando hukatika, chuma hugusa chuma.

Mpango ulikuwa kufunga kipoza oili na vali yake ya joto mwezi huu. Nimeuweka kando, kwa sababu povu limenipeleka kwenye mfumo wa sampu kavu, ambamo oili hukaa kwenye tangi na pampu ya pili huikusanya kutoka injini na kuirudisha. Ndivyo zilivyo injini za nyota za zamani, zenye silinda zilizopangwa kwa duara, na pia PT6A, injini za tabo za ndege ndogo za Cessna Caravan zinazopaa Wilson kila siku. Pampu hiyo ya kurudisha lazima iwe na uwezo mkubwa kuliko ile ya kusukuma, kwa kuwa oili inayoikusanya imechanganyika na hewa na imevimba. Baada ya wiki tano za kutazama chai ya maziwa ikizunguka kwenye hozi, ninataka kujenga kitu kinachoipokea hewa hiyo na kuitenganisha.

Mkereza ameshapewa vipimo vya jozi ya pili ya gia, zenye upana mara moja na nusu ya zile za kwanza. Jumamosi ninaenda kuzichukua pamoja na nipeli mpya, na kioo cha kukuzia kiko tayari mfukoni.