Fimbo Haijafika

Anayeijua Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anajua kwamba barabara zetu zimebanwa. Upande mmoja kilima, upande wa pili bonde lenye nyumba za watu, na chini udongo mwekundu ambao mvua ikiukolea unaanza kusogea wenyewe. Novemba 2016 nilikuwa kibarua wa shantie, yaani mahali pa ujenzi, kwenye mmoja wa miteremko inayotoka Kadutu. Tulikuwa tunazika mabomba ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara. Njia ya kuzungukia haikuwapo, kwa hiyo nusu ya barabara ilichimbwa, na nusu iliyobaki ikapitisha magari, motari, yaani madereva wa pikipiki, na watembea kwa miguu, kwa zamu.

Mimi nilishika kibao juu. Chini alikuwa mama mmoja aliyewahi kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, mkubwa kwetu sote kwa umri, tukimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Kibao kilikuwa chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Wengi waliopita walidhani tunalipwa kwa kusimama.

Enjinia alitufundisha vizuri kabla hajaturuhusu kusimamisha hata baiskeli. Simama pembeni, uso kwa magari, usiyape mgongo hata ukiitwa. Jua utarukia wapi. Gari la kwanza likishasimama kabisa ndipo usogee kidogo, ili walio nyuma yake wakuone. Alitupigia hesabu: gari la kilomita 40 kwa saa linakwenda mita 11 kila sekunde, na sekunde ya kwanza inaishia kwenye kukuona na kuhamisha mguu, breki bado haijaguswa. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Kwa sababu hiyo kibao cha onyo cha upande wangu, wa wanaoshuka, tulikipeleka mbali kuliko cha Yaya, na hapo tukalaza matawi ya mikaratusi. Kwetu hata dereva asiyejali kibao anajua kwamba majani barabarani maana yake mbele kuna jambo.

Shida ilikuwa kona. Barabara ilikunja katikati ya shantie, mimi simwoni Yaya, naye hanioni. Simu tulikuwa nazo, lakini kompresa ikinguruma husikii hata ikilia mfukoni. Enjinia alikuwa mtoto wa Lubumbashi, baba yake mtu wa reli, na dawa aliyotuletea ilitoka relini. Kwenye baadhi ya reli za njia moja dereva wa treni haingii mpaka awe na fimbo ya kipande hicho. Fimbo ni moja tu, basi treni mbili haziwezi kukutana ndani.

Yetu ilikuwa ya mkaratusi, urefu wa mkono, imepakwa nyekundu na nyeupe, na rangi ya katikati ilikuwa imeshaliwa na viganja. Nilimpa dereva wa mwisho wa kundi langu, naye akifika chini anamkabidhi Yaya. Hapo Yaya anajua ndani kumebaki patupu, anaachia kundi lake, na fimbo inapanda tena na gari lake la mwisho. Magari mengi ya kwetu ni ya Japani, yamepitia Dar es Salaam au Mombasa, usukani kulia, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia. Watu hulalamika, na wana haki, kwa sababu dereva wa namna hiyo haoni vizuri akitaka kupita mwenzake. Lakini kwa kazi yetu alikuwa karibu: anakaa upande niliosimama, anapokea fimbo dirishani, nami sikanyagi barabara. Lori lenye usukani kushoto, konvoyeri, msaidizi wa dereva, ndiye aliyepokea.

Siku ninayoikumbuka mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Karibu na saa nane mchana niliachia kundi, la mwisho likiwa teksi iliyojaa abiria. Nikampa dereva fimbo, nikageuza kibao kuwa chekundu, nikangoja gari za Yaya zipande. Hazikuja. Foleni yangu ikarefuka, honi zikaanza, motari wakaanza kuchungulia pembeni. Nikangoja zaidi. Mwishowe nilimwita kibarua mmoja aliyefundishwa pamoja nasi, nikamkabidhi kibao, nikashuka kwa miguu.

Niliikuta teksi nyuma tu ya kona. Ukingo wa shimo ulikuwa umemeguka chini ya gurudumu la nyuma, gari limeinama upande mmoja, tumbo limekaa kwenye udongo, abiria wametoka wote. Nyuma yake, kati ya gari na kilima, walikuwa mama wabeba mizigo wamekwama. Hawa kila mkazi wa Bukavu anawajua: gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, shingo imekaza. Mama aliyebeba hivyo haoni mbele, anaona ardhi na visigino vya mwenzake. Hageuzi kichwa honi ikilia, wala hawezi kuruka. Mmoja alikuwa amekaa chini na gunia lake la makaa akilegeza kamba, na alama yake ilikuwa imezama kwenye ngozi ya uso, nyekundu, pana kama kidole. Barabara ilipochimbwa, nusu yake ilitengewa magari, shimo likazungushiwa utepe, lakini njia ya hawa mama haikutengwa. Walipita palepale pa magari.

Yaliyokuwa yakitokea chini nilisimuliwa baadaye. Mbele ya Yaya kulikuwa na lori la Fuso lililojaa mbao, na nyuma yake jipu. Lori lililojaa haliwezi kupanda pale polepole. Linachukua mwendo kuanzia chini, na likisimama katikati ya utelezi linarudi kinyumenyume. Dereva wa Fuso alikuwa ameshaanza kunguruma. Mwenye jipu akashuka.

"Mama, fungua njia. Hakuna kitu kinachoshuka."

"Papa, fimbo haijafika."

Akamuuliza kama anajua anaongea na nani. Akamwambia ataacha kazi leo hii. Yaya akamjibu kwa heshima ileile, "Papa, fimbo haijafika," na kibao hakikutikisika. Wanasema yule bwana alinyoosha mkono kukikamata, ndipo dereva wa Fuso akazima injini yake. Injini ilipozimwa hakukuwa na cha kufanya, maana jipu lilikuwa nyuma yake. Dereva huyo nilimshukuru siku hiyo, na namshukuru hadi leo. Fuso ingeingia kwenye ile kona na mwendo wake wote, mbele yake teksi, na pembeni mama wenye kamba usoni.

Tuliinyanyua teksi kwa mikono, abiria, vibarua, na hata motari walioacha pikipiki zao juu. Nilichukua fimbo kwa dereva, nikashuka nayo mwenyewe nikiwa nyuma ya wale mama, mpaka wa mwisho alipotoka kwenye shantie. Yaya aliipokea, akaniuliza, "Wamekwisha wote?" Nikamwambia wamekwisha. Akageuza kibao.

Jioni alimfuata enjinia kwenye kontena alimoweka ofisi. Hakuzungumzia mwenye jipu. Alimwambia kesho hatashika kibao mpaka wabeba mizigo wapate njia yao, upande wa kilima, mbali na shimo, na mbao za kuwatenga na magari. Enjinia akasema nafasi ni ndogo, lori lenyewe lina upana wa mita mbili na nusu. Yaya akamjibu kwamba kilima kinachimbika.

Asubuhi vibarua walikata kilima. Enjinia alipima njia kwa mita yake, akasema inatosha. Yaya akasimamisha mama mmoja aliyekuwa anapanda na gunia la unga, akamwomba apite. Gunia likakwaruza mbao. Wakasogeza mbao, akapita tena, likakwaruza kilima. Wakachimba tena, na mara ya tatu mama akapita bila kugusa popote. Enjinia alimlipa bei ya mzigo mmoja.